Kiti cha Upande wa Kulia

Dar es Salaam, 3 Aprili 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama ni wazima, na goti lako limepoa baada ya ile dawa ya kuchua. Sisi huku hatujambo. Mjukuu wako Namnyaki ana miezi mitano sasa, anashika kila kitu na kukitia mdomoni, na baba yake Lesian anaona hiyo ni akili. Joto tu ndilo linalotutesa.

Nakuandikia kwa mkono kama ulivyoamuru. Wiki hii nimekupigia simu mara kumi na mbili, na kile kitochi chako kimezimwa. Mama anasema unakizima ili betri isiishe. Baba, betri ya simu iliyozimwa inamsaidia nani? Basi, nimenunua kalamu, na bahasha hii nampa dereva wa basi. Utaichukua kaunta pale Tengeru.

Ubatizo wa mtoto ni Jumapili tarehe 25 Mei. Nilikuomba Baba mdogo Ephraimu naye aje, ukaniambia akija yeye wewe huji. Nimekubali shingo upande, ingawa ni mdogo wako wa tumbo moja na ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli. Miaka sita ya kununiana kwa ajili ya shamba la Nduruma mimi naona inatosha, lakini sisemi zaidi maana najua hapo ulipo umeshakunja uso.

Wewe utakuja kwa ndege. Mama amekataa katakata, anasema hapandi chombo ambacho hakiwezi kusimama njiani mtu akajinyoosha. Yeye atatangulia na basi. Ndege yako inaondoka uwanja wa Arusha, pale Kisongo, Alhamisi tarehe 22 asubuhi. Kazi yangu ni kukata tiketi na kuwachagulia watalii viti, kwa hiyo hapa tafadhali usibishane nami. Nimekuwekea 7A. Herufi A ni dirisha la kushoto. Ukitoka Arusha kuja Dar, Meru iko kushoto, Kilimanjaro iko kushoto, kila kizuri kiko kushoto. Safu ya saba iko nyuma ya injini, hakuna kitakachokuziba, na ndege ile bawa lake liko juu ya madirisha, kwa hiyo unaona mpaka chini. Watu wanatoka Ulaya wanagombania kiti hicho.

Mwanao,
Rachel


Poli, Meru, 12 Aprili 2025

Mwanangu Mama Namnyaki,

Marahaba. Bwana asifiwe. Sisi ni wazima, goti ni lile lile. Mvua zimeanza kwa fujo, barabara ya kushuka Tengeru imekuwa utelezi mtupu, na barua yako imenigharimu suruali. Mama yako anakusalimu. Hayupo, amekwenda kwenye kikundi chake cha akina mama. Siku hizi kikundi kinamchukua Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Sijui wanasali nini kisichoisha, na anarudi amechoka kama mtu aliyebeba mawe.

Kuhusu simu: simu ni ya kumwambia mtu njoo, au nimefika. Jambo lenye maana linaandikwa, ili kesho mtu asije akasema hakusema.

Nashukuru sana kwa tiketi. Mungu akubariki wewe na mume wako. Ila kiti nataka cha upande wa kulia.

Meru nimezaliwa juu yake. Nikitaka kuiona natoka asubuhi kwenda kukamua ng'ombe, naikuta pale pale nilipoiacha jana. Kilimanjaro ni mlima wa Wachaga, wautazame wenyewe. Tena unanishangaza wewe mtu wa tiketi. Mwezi wa tano milima yote miwili inajifunika mawingu, sisi tunaokaa chini yake tunamaliza wiki nzima hatuioni. Na jua la asubuhi linatokea kushoto huko huko. Nilipe kiti ili nikae nimefumba macho?

Nipe kulia. Herufi yake unaijua wewe.

Baba yako,
Elirehema


Dar es Salaam, 17 Aprili 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi tu wazima, mtoto ameota jino moja na hatulali. Pole kwa suruali.

Sasa Baba, kulia kuna nini? Niambie. Nimekaa kwenye kazi hii miaka minne, sijawahi kuona mtu mwenye akili timamu anaomba upande wa kulia kwa safari hiyo. Wanaopewa kulia wananiletea malalamiko. Kulia ni tambarare, vumbi, mabati, na yale mabanda ya plastiki ya wakulima wa maua. Mtu apande ndege mara ya kwanza akiwa na miaka sitini na nane, atazame mabanda ya plastiki?

Nimejinyima kwa ajili ya tiketi hii, nisikufiche. Nilitaka siku moja nikuone umeshuka ukiwa na la kusimulia. Nilitaka unisimulie kilele. Mawingu huwa yanabaki chini, kilele kinachomoza juu yake, na ndege inapita usawa huo huo. Wazungu wazima wanalia machozi. Mimi nawaona wakirudi.

Na jua, kuna kipazia unakishusha kidogo. Nimemaliza. 7A.

Mwanao aliyechoka,
Rachel


Poli, 26 Aprili 2025

Mwanangu,

Marahaba. Hongera kwa jino. Sisi hatujambo, isipokuwa ndama mmoja anaharisha.

Sikutaka kukuambia, lakini naona utanisumbua mpaka siku ya safari. Kulia kuna Nduruma.

Unaijua hukumu ya Mzee Sylvanus, mshili wetu. Tulipofikishana kwake kama kiongozi wa ukoo, mimi nikasema mpaka wa shamba aliloacha baba yetu uko kwenye mfereji mdogo, Ephraimu akasema uko kwenye mstari wa miti, hatua sita ndani ya upande wangu. Mshili akachoka kutusikiliza. Akasema shamba lote lisikanyagwe na Elirehema wala Ephraimu, mpaka siku watakayokuja mbele yake pamoja wamekubaliana. Atakayeweka mguu peke yake, amekiri kwamba kosa ni lake. Wote wawili tuliinamisha kichwa kukubali.

Miaka sita sijaweka mguu. Hata nikienda mnadani nazunguka njia ya mbali, mtu asije akasema nilionekana karibu. Nyumbani kwangu nimepiga marufuku shamba lile lisitajwe, wala jina la Ephraimu. Lakini yeye nyumba yake iko kule kule chini, mwendo wa kupiga kelele tu kutoka shambani. Unadhani ametulia miaka yote sita? Mimi sidhani. Nadhani amekwisha sogeza miti na analima, na wote mnaniona mjinga.

Mshili alisema mguu. Hakusema jicho. Ndege haikanyagi.

Nilikuwa karani wa mizani kwenye chama cha kahawa miaka ishirini na sita. Sikuwahi kuandika uzito wa kusimuliwa hata siku moja. Nitatazama mwenyewe, halafu nitajua la kufanya. Nibadilishie kiti.

Baba yako,
Elirehema


Dar es Salaam, 2 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Poleni na ndama.

Hivi unakuja kubatiza mjukuu au unakuja kufanya upelelezi? Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikaisoma kwa sauti, Lesian akacheka mpaka mtoto akaamka. Mimi sikucheka. Eti ndege haikanyagi! Mzee Sylvanus akisikia atasemaje?

Naomba uachane na Nduruma. Nakuomba kama mtoto wako. Kwanza rubani hapiti unapotaka wewe, anapita anapoelekezwa. Pili, kutoka juu kule shamba moja na jingine yote ni viraka, hutatambua kitu. Tatu, na hili ndilo kubwa, upande wa kulia umejaa. Nimeangalia kwenye kompyuta leo, hakuna kiti hata kimoja. Kwa hiyo ni 7A, hakuna namna.

Njoo utazame mlima kama watu wengine. Mara moja tu katika maisha yako fanya jambo ambalo halina kesi ndani yake.

Mwanao,
Rachel


Poli, 11 Mei 2025

Mwanangu,

Marahaba. Sisi ni wazima. Ndama amepona.

Umejaa, wiki tatu kabla ya safari. Sawa.

Nitakaa utakaponiweka. Mama yako anaondoka na basi Jumatatu tarehe 19, ana ndizi, maziwa ya mgando, na gunia la unga ambalo nimemwambia Dar unga upo, hakunisikia. Mje kumpokea na gari.

Baba yako,
Elirehema


Poli, 31 Mei 2025

Mwanangu Rachel,

Bwana asifiwe. Nilifika salama juzi. Nashukuru kwa ukarimu wenu, chakula, lile shati, na zaidi ya yote kwa siku ile ya kanisani. Mtoto hakulia maji yalipomgusa, alimshangaa tu mchungaji. Nitakumbuka.

Ulikuwa unaniuliza wiki nzima mbona niko kimya. Ukamwambia Mama yako labda mawingu yameniharibia safari, nimeshindwa kuuona mlima. Niliwasikia kutoka sebuleni. Sikutaka kuharibu ubatizo, ndiyo maana nilifunga mdomo. Sasa nimerudi kwangu, nasema.

Sikukaa 7A. Kwenye 7F alikuwa ameketi Mzungu mmoja mrefu, amenuna, anainuka kila saa kuchungulia upande wetu. Kumbe umejaa maana yake ni yule. Nikamwonyesha kiti changu kwa kidole. Alinishukuru kama nimempa ng'ombe. Maskini, aliona mawingu meupe mwanzo mpaka mwisho, maana niliyokwambia kuhusu mwezi wa tano ni kweli. Mimi upande wangu ulikuwa mweupe kabisa. Niliona mitaa ya Lemara, niliona barabara ya Moshi, halafu nikaanza kufuata ile mifereji kwa macho mpaka nikaona mashine ya kusaga yenye bati jekundu. Kutoka pale mtoto mdogo angelipata shamba letu.

Limelimwa, Rachel. Miaka sita ya kuachwa lilitakiwa liwe pori la miiba. Kijani cha kupandwa si kijani cha pori, mkulima hadanganyiki, hata akiwa mbinguni. Mahindi, kutoka mwanzo hadi mwisho. Si upande wake tu. Lote.

Wakati wa kurudi niliomba mwenyewe kaunta wanipe A, maana ndege ikigeuka na pande zake zinageuka. Nikaliona tena. Ni lile lile.

Kwa hiyo Ephraimu amekanyaga, amelima, na amekula mpaka sehemu yangu. Nimepeleka taarifa kwa Mzee Sylvanus. Kikao ni Jumamosi tarehe 14 Juni, ukoo wote utakuwepo. Nitasimama niseme nilichokiona kwa macho yangu, na Ephraimu atalikosa shamba kwa mdomo wa mshili mwenyewe. Mama yako sijamwambia. Yeye ana huruma za ovyo na mke wa Ephraimu, atakwenda kuwaonya.

Baba yako,
Elirehema


Dar es Salaam, 6 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Sina nafasi ya kuuliza habari. Nimekupigia tangu juzi, umezima. Bahasha hii naipeleka mwenyewe stendi sasa hivi, na nimemwomba yule wa kaunta Tengeru akufuate hadi nyumbani usipotokea.

Usimshtaki Baba mdogo. Anayelima Nduruma ni Mama.

Ni Mama na Mama mdogo Resiato. Wameanza mwaka ule ule mlipozuiwa. Walikutana sokoni Tengeru, kila mmoja ananunua unga wa kilo, na shamba la familia limelala. Mama anasema walitazamana wakaona aibu mbele ya muuzaji. Siku hiyo hiyo walikwenda kwa Mzee Sylvanus wakamuuliza: hukumu yako ilitaja wake? Akafikiri, akasema alitaja majina mawili, Elirehema na Ephraimu. Wakasema asante, wakaondoka, keshoye wakaingia na majembe.

Hicho ndicho kikundi cha akina mama, Baba. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Wanalima shamba zima kama kitu kimoja, ule mpaka wenu hawaujui, wakivuna wanagawana nusu kwa nusu. Ungetulia kidogo kule juu ungejiuliza, mwizi gani anajisumbua kulima mpaka nusu yako na kuinyoosha mistari?

Unga ambao kila siku unausifu, ukisema siku hizi Tengeru wanauza unga mtamu, ni wa Nduruma. Gunia lililokuja huku kwenye ubatizo ni la Nduruma. Ulikula sahani mbili Jumapili ile, ukamwambia Lesian hivi ndivyo ugali wa Kimeru unavyotakiwa kuwa. Mimi mwaka wangu wa mwisho chuoni nimekula mahindi ya Nduruma, na kila likizo nimepalilia pale. Kwa hiyo ukitaka kushtaki, na mimi niandike.

Baba mdogo alijua mwaka wa pili. Hakuwakataza, na hajakanyaga. Sikiliza vizuri hapa. Nyumba yake iko pale pale, na hajakanyaga hata hatua moja. Anawaletea maji ya kunywa, anafika kwenye mfereji, anaweka ndoo chini, anarudi. Mama mdogo amemwita mara ngapi, njoo utusaidie kubeba gunia, anakataa, anasema aliinamisha kichwa mbele ya mshili pamoja na kaka yake. Nimemwona kwa macho yangu amesimama kwenye ukingo wa mfereji.

Ndiyo, nilikudanganya kuhusu kiti. Upande wa kulia ulikuwa mtupu. Nilipokuwekea A mara ya kwanza nilitaka kweli uone mlima, Mungu ni shahidi. Ulipoandika neno Nduruma ndipo nilipopata kiwewe. Nilimpigia Mama, akaniambia nisihangaike: "Mwache aone. Mimi nimechoka kuacha jembe langu kwa watu." Nilidhani anatania.

Na mimi nimechoka. Nimekasirika, Baba, wacha niseme. Umri wote huu nina baba mdogo wa kujificha. Nikija nyumbani nashuka Nduruma kumsalimia kama mtu anayekwenda kuiba. Mtoto wangu amebatizwa yeye hayupo, kwa sababu ya hatua sita za udongo ambazo wake zenu wamezipanda mahindi na maharage.

Tafadhali kivunje kikao. Ukisimama Jumamosi ukasema uliyoyaona, utakuwa unamshtaki Mama mbele ya ukoo mzima.

Mwanao,
Rachel


Dar es Salaam, 19 Juni 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo.

Jumamosi imepita, leo ni Alhamisi, na sijui hata kama barua yangu uliipata. Simu yako imezimwa. Ya Mama inaita, anapokea, anasema "tuko shambani," anakata. Nimempigia mara nne, mara zote nne ni hivyo hivyo. Shambani wapi, na nani, hasemi. Nyuma yake nasikia watu wanapiga kelele, sijui ni ugomvi.

Mama mdogo Resiato hapokei kabisa. Nimefikia mahali nataka kupanda basi nije na mtoto mgongoni. Andika hata mstari mmoja. Kama umeniudhikia, andika kwamba umeniudhikia.

Mwanao,
Rachel


Poli, 20 Julai 2025

Mwanangu Mama Namnyaki,

Marahaba kwa barua zote mbili. Bwana asifiwe. Sisi ni wazima, ila goti limevimba kwa kuinama. Mjukuu wangu hajambo? Ana meno mangapi? Mwambie Lesian asimwachie avute waya za umeme, nilimwona.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu tulikuwa na kazi, kwanza maharage, sasa mahindi. Zile kelele ulizosikia kwenye simu si ugomvi, nitakueleza. Unadhani watu wanaovuna wana nafasi ya kushika kalamu?

Nimekuudhikia. Hilo lijue kwanza. Si kwa sababu ya shamba. Ni kwa sababu wewe ni mtu wa tiketi, ukaniandikia kwamba upande mzima wa ndege umejaa, na mimi ndiye niliyekusomesha.

Barua yako ilifika Ijumaa, siku moja kabla ya kikao. Niliisoma nimesimama pale kaunta, kisha nikaisoma tena nimekalia gunia la mtu. Nikapanda kwenda nyumbani. Mama yako alikuwa anasonga ugali. Nikamuuliza, huu unga ni wa wapi? Akanitazama, akasema, "Unaujua." Hakuomba msamaha. Aliniuliza kama nataka mboga zaidi. Nilikula, ningefanya nini? Ulikuwa mtamu kama siku zote, na niliona aibu kila tonge.

Kikao sikukivunja. Ukimwita mshili humrudishi njiani, na watu walikwisha kuambiana. Tulikutana uani kwa Mzee Sylvanus, watu kama ishirini. Ephraimu aliletwa akakaa kwenye benchi mbele yangu. Sikuwa nimemtazama usoni kwa miaka sita. Amezeeka, Rachel. Mimi ndiye kaka, lakini mgeni angesema kaka ni yeye. Mkewe alikuwa amekaa na Mama yako kule upande wa wanawake, wamebanana, wananiangalia mimi tu. Mama yako alikuwa amekunja mikono. Unamjua akikunja mikono.

Mzee Sylvanus akaniambia nitoe mashtaka yangu. Nikasema sina. Watu wakaguna. Nikasema nimeita kikao kutangaza kwamba Jumatatu nitashuka Nduruma peke yangu, niingie shambani kwa miguu yangu miwili, na maana ya kuingia peke yako kila mtu hapa anaijua. Mzee Sylvanus akaniuliza kama najua ninachosema. Nikasema najua. Akasema basi mpaka ni kwenye miti. Nikasema ni kwenye miti.

Jumatatu nilishuka. Nilidhani nitaonyeshwa upande wangu nichume maharage yangu. Walinicheka. Wale wanawake hawana pande pale, wana mistari, na kila mstari una mwenyewe kufuatana na nguvu zake. Nimepewa mifupi, kwa sababu ya goti. Ephraimu, maana marufuku imekwisha na yeye anaingia, amepewa inayofuata yangu, anachuma ovyo kama alivyokuwa anachuma kahawa utotoni, anaacha nusu nyuma. Nikimwambia, namwambia kwa kelele. Ndizo kelele ulizozisikia. Mama yako amechukua jembe lake, sasa linakaa nyumbani, nyuma ya mlango.

Kuna jambo moja limebaki, na nimelizunguka ukurasa mzima.

Pale kwenye kikao, nilipomaliza habari ya shamba, nilimgeukia Ephraimu nikasema, nisamehe. Hakunijibu. Alikuwa ananitazama mdomo tu, hatikisi hata kichwa. Nikaona ananidharau mbele ya ukoo, baada ya yote niliyoyaachia. Hasira ikanipanda. Nilishika fimbo yangu niondoke, na ningeondoka, Rachel, nakwambia kweli, na tusingeonana tena mpaka mmoja wetu azikwe.

Mama yako akasema kutoka kule alikokaa, "Sogea karibu, Baba Rachel. Hasikii. Ni mwaka wa tatu huu."

Mwaka wa tatu. Mama yako alijua, Mzee Sylvanus alijua, ukoo mzima ulijua. Bila shaka na wewe ulijua. Ndugu yangu ameacha kusikia, mimi sijui, kwa sababu nilikataza jina lake lisitajwe nyumbani kwangu na wote mkanitii. Mmenificha shamba, unga, jembe, kiti. Hayo yote nimeyameza. Hili ndilo limenichoma, na nikitafuta wa kumlaumu namkuta mwenyewe.

Basi nikasogea. Nikasema tena, hakusikia. Mara ya tatu niliinama karibu na sikio lake nikapaza sauti kama nilivyokuwa nikipaza pale kwenye mizani siku za msongamano wa kahawa. Nadhani walisikia hadi barabarani, maana kuna mwenye bodaboda alizima injini. Nilisema nisamehe, mimi Elirehema, mbele ya watu ishirini na yule wa bodaboda.

Ephraimu akasema, "Sasa nimesikia." Akasogea kwenye benchi, nikakaa.

Baba yako,
Elirehema